Mota yetu inakula beringi tangu tulipofunga inveta: tufanye nini?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa pampu ya maji ya kijiji mkoani Njombe. Mota yetu ni ya kilowati 45, inasukuma maji hadi kwenye tangi lililo kilimani. Kwa miaka 8 iliendeshwa kwa starta ya sta-delta, na beringi tulibadilisha mara moja tu. Mwaka jana tukafungiwa inveta ya kurekebisha kasi, ili bili ya umeme ipungue na mabomba yasipasuke pampu inapowaka. Tangu hapo tumebadilisha beringi mara 3 ndani ya miezi 14. Grisi tumebadili, mota na pampu tumezinyoosha upya, beringi tumezifuata kwa wakala Dar es Salaam tukihofia feki. Kila mara huanza na mlio mwembamba kama king'ora cha mbali, na baada ya wiki chache mota inanguruma. Inveta iko kwenye chumba cha mlinzi, mita 60 kutoka kwenye pampu. Kebo ni ya kawaida ya nyaya 4, na pale kwenye mota tumechimbia fimbo ya ethi ya peke yake. Tatizo ni nini?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenikaa moyoni, kwa sababu nyuma ya mota hiyo kuna watu wenye ndoo, na kila beringi inapokufa wanarudi mtoni. Nitakujibu kwa urefu.

Acha kumshuku muuza beringi, na usijilaumu kwa grisi. Nina hakika karibu yote kwamba beringi zako zinaunguzwa na umeme. Mota iliyokaa miaka 8 na beringi jozi mbili haianzi ghafla kula jozi tatu kwa mwaka na kidogo bila kitu kuongezwa, na kilichoongezwa unakitaja mwenyewe: inveta. Na ile fimbo ya ethi uliyoichimbia kwenye mota kwa nia njema nitaizungumzia mbele, maana nadhani kuitegemea hiyo ndiko kunakokuumiza zaidi.

Lakini usiniamini kwa maneno tu. Kama beringi ya mwisho hujaitupa, ikate pete ya nje kwa grenda vipande viwili, uioshe kwa mafuta ya taa, kisha uielekeze kwenye jua na uangalie njia ya gololi. Ukiona mistari ya kukingama, imepangana kwa karibu na kwa usawa kama mgongo wa bati la paa, huo ndio ushahidi. Gololi nazo zitakuwa zimepoteza mng'ao, zina rangi ya kijivu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Grisi itakuwa nyeusi na inanuka kuungua hata kama beringi haikuwahi kupata joto kali. Beringi feki haifi hivyo; hiyo hubanduka magamba ya chuma, au keji yake, kile kishikilia gololi, huvunjika. Beringi iliyokosa grisi hubadilika rangi kuwa ya buluu au kahawia kwa joto.

Kuna alama moja inayowachanganya mafundi. Mota iliyokaa imezimwa muda mrefu karibu na mashine inayotetemeka, au iliyosafirishwa kwa lori kwenye barabara mbovu, hupata mabonyeo kwenye pete mahali gololi zilipokuwa zimetulia. Yahesabu. Beringi yenye namba 6313, ambayo huenda ndiyo iliyo mbele ya mota yako, ina gololi 8, basi mabonyeo ya aina hiyo yatakuwa 8 na yameachana kwa nafasi ya gololi na gololi. Mistari ya umeme ni makumi, imejaa njia nzima au sehemu kubwa yake.

Sasa kwa nini inveta na si starta. Umeme wa TANESCO unafika kwa nyaya tatu za fezi, na ukizijumlisha volti zake wakati wowote unapata sifuri: mmoja ukipanda, wengine wawili wanashuka kwa kiasi kilekile. Katikati ya koili za mota panakuwa patulivu. Inveta haiko hivyo. Kwanza inaugeuza umeme wa volti 400 kuwa mkondo mnyoofu wa volti kama 565, kisha inaukatakata vipande vipande ili mota idhani inapata mawimbi. Kila waya unaokwenda kwenye mota, kila wakati, umeshikwa ama upande wa chanya ama upande wa hasi. Hakuna mahali pa tatu pa kukaa. Na nyaya ni tatu! Watu watatu hawawezi kugawanyika sawasawa kwenye ncha mbili za kamba. Daima itakuwa wawili kwa mmoja, au wote watatu upande mmoja. Kwa hiyo wastani wa nyaya zako tatu haukai sifuri hata mara moja. Unaruka kati ya volti 94 na volti 282, mara chanya mara hasi. Inveta iliyowekwa kukata kwa kilohezi 4, yaani mizunguko 4,000 kwa sekunde yenye miruko 6 kila mmoja, hufanya miruko hiyo mara 24,000 kila sekunde, na mruko mmoja unaweza kukamilika ndani ya moja ya milioni kumi ya sekunde.

Kasi hiyo ya mruko ndiyo inayoleta madhara. Insulesheni ya koili inazuia umeme wa kawaida, lakini chuma mbili zilizotenganishwa na kihami ni kapasita, na kapasita hupitisha mabadiliko ya haraka. Ndani ya mota yako kuna kapasita ndogo kati ya koili na fremu, nyingine kati ya koili na rota (sehemu ya ndani inayozunguka na shafti), na nyingine kati ya rota na fremu. Hakuna aliyezifunga, zipo kwa sababu vyuma vipo. Kila mruko wa inveta unasukuma umeme kupitia humo, na umeme huo lazima urudi ulikotoka, yaani kwenye inveta. Swali lote la beringi zako ni hili: unarudi kwa njia ipi?

Mambo haya si mapya kabisa. Mwaka 1924 wahandisi wawili Wamarekani, P. L. Alger na H. W. Samson, walikwisha kuandika juu ya mikondo inayopita kwenye shafti za mashine kubwa za umeme. Wakati ule chanzo kilikuwa sumaku isiyolingana ndani ya mashine, na tatizo likabaki la mashine kubwa. Ni transista za IGBT zilizoingia kwenye inveta miaka ya 1990, zenye kukata umeme kwa kasi sana, zilizoleta ugonjwa huu kwenye mota za pampu, feni na vinu vya kawaida.

Umeme una njia tatu za kuipitia beringi, na dawa ya moja si dawa ya nyingine. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela, basi nisome taratibu.

Njia ya kwanza ni cheche. Kapasita kati ya koili na rota inaichaji shafti kidogo kidogo. Kwa mota nyingi shafti hupata chini ya asilimia 10 ya ule mruko, yaani volti chache hadi ishirini na ushee. Mota ikizunguka, gololi haigusi pete; inaelea juu ya utando wa oili wenye unene wa kama mikromita moja. Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuupita mara makumi. Utando huo unazuia umeme hadi volti zikizidi nguvu yake, kisha unapasuka na cheche inaruka. Kwenye hiyo nukta chuma kinayeyuka na kuacha kishimo kisichoonekana kwa macho. Kimoja hakina madhara. Lakini vinakuja kwa maelfu na mamilioni, oili inaungua, na gololi inaanza kurukaruka. Ukishaendesha kwenye barabara ya vumbi utaelewa mistari inatoka wapi: barabara ilianza laini, gurudumu likaruka kwenye kitu kidogo, likatua mbele likachimba, likaruka tena, na baada ya muda barabara nzima ina matuta ya kufanana. Beringi hupata matuta kwa namna hiyohiyo, na ule mlio wa king'ora unaousikia ni gololi zikipita juu yake. Njia hii ndiyo inayotawala kwenye mota ndogo.

Njia ya pili ni ya kuzunguka ndani ya mota. Umeme unaovuja kutoka kwenye koili kwenda kwenye fremu unatengeneza sumaku inayoizunguka shafti, na sumaku hiyo inasukuma mkondo upite shafti, beringi ya mbele, fremu, beringi ya nyuma, na kurudi kwenye shafti. Hii ni ya mota kubwa, kuanzia kama kilowati 100. Dawa yake ni kuukata mzunguko mahali pamoja, yaani kufunga beringi iliyohamiwa (iliyozuiwa isipitishe umeme) upande wa nyuma, upande wa feni. Moja inatosha, kwa kuwa mzunguko uliokatika popote umekatika.

Njia ya tatu ndiyo naishuku kwako. Umeme ulioingia kwenye fremu ya mota unataka kurudi kwenye inveta kwa waya wa ethi. Kama waya huo ni njia mbaya, fremu nzima ya mota inapanda volti kila mruko. Na pembeni yake ipo pampu, imefungwa kwa koplingi ya chuma (kiungio cha shafti yake na ya mota), imejaa maji, imeunganishwa na mabomba ya chuma yaliyozikwa ardhini. Pampu ina ethi nzuri kuliko mota! Basi umeme unatoka kwenye fremu, unapita beringi za mota, unapanda shafti, unavuka koplingi, unapita beringi za pampu, unaingia mabombani na kurudi kwa kuzunguka. Mkondo huu ni mkubwa kuliko wa cheche za njia ya kwanza, na unaharibu haraka zaidi. Wakati unabadilisha beringi za mota, nakuomba uzifungue na za pampu. Sitashangaa ukizikuta zina mistari.

Utaniuliza: mbona ethi ya mota nimeipima kwa tesita ikasoma sehemu ya omu moja? Nakuamini. Tesita yako inapima kwa umeme wa betri, umeme uliotulia. Miruko ya inveta ina frikwensi za mamia ya kilohezi hadi megahezi, na kwa frikwensi hizo waya mrefu ni kizuizi. Mita moja ya waya ulionyooka hukataa kwa kama omu 6.3 kwenye megahezi moja. Kwa mita 60 zako ni omu karibu 380. Unene wa waya hausaidii sana, kwa sababu umeme wa namna hiyo hauingii ndani ya shaba, unatambaa juu ya ngozi yake tu. Fimbo yako nayo inautupa umeme kwenye udongo, lakini inveta haiko kwenye udongo. Fimbo ni ya kumlinda mtu na radi na hitilafu, na kwa kazi hiyo iache palepale. Kwa kazi ya kuurudisha umeme wa inveta nyumbani, haifai kitu.

Kwa hiyo kazi yako inaanza kwenye kebo, kabla hujanunua kitu chochote chenye jina la kuvutia.

Kebo inayotakiwa kati ya inveta na mota ina nyaya tatu za fezi zilizopangwa kwa ulinganifu, waya wa ethi uliogawanywa mara tatu na kulala katikati ya fezi, na juu yake ngao ya shaba au alumini inayozunguka kebo yote. Ngao hiyo ndiyo barabara ya kurudia. Umeme uliotoka ndani ya kebo unarudi juu ya kebo hiyohiyo, sentimita moja kutoka ulipopita, na hauna sababu ya kutafuta mabomba. Ngao ifungwe pande zote mbili, kwenye inveta na kwenye mota, kwa glandi ya chuma (kile kifungio cha kebo pale inapoingia) inayoishika ngao mzunguko wote. Nimeona kazi nyingi ambapo ngao imesokotwa mkia na kufungwa kwa bolti moja. Mkia wa sentimita 10 unaharibu kazi ya kebo nzima. Glandi ya plastiki nayo ni bure kabisa.

Najua kebo hiyo haipo kila duka, na mita 60 zake ni fedha za wanakijiji. Kama kamati haiwezi sasa, kuna hatua za kati. Ya kwanza na bora ni kuihamisha inveta iwe karibu na mota, kwenye kabati linalozuia vumbi na maji na lenye upitishaji wa hewa. Mita 60 zikiwa mita 5, tatizo linapungua sana, na kebo nzuri ya mita 5 mtaimudu. Ya pili, kama kebo yako ni ya kawaida na itabaki, ipitishe ndani ya bomba la chuma lililoungana mfululizo, lililofungwa kwenye kabati la inveta na kwenye mota kwa chuma kwa chuma. Kebo yenye deraya ya nyaya za chuma ni bora kuliko isiyo na kitu, mradi deraya ifungwe pande zote mbili, ila chuma hakipitishi frikwensi hizo vizuri kama shaba. Nyaya mojamoja zilizotandazwa ndani ya bomba la plastiki, hapana, hata kwa dharura.

Halafu unganisha mota na pampu. Chukua utepe wa shaba uliosukwa, bapa, mpana, mfupi kadiri inavyowezekana. Urefu usizidi mara tano ya upana. Mmoja kutoka fremu ya mota hadi kitako cha chuma, mwingine kutoka mwili wa pampu hadi kitako hichohicho. Piga msasa rangi mpaka chuma king'ae, kaza bolti, kisha paka grisi juu kuzuia kutu. Watu wanafunga utepe juu ya rangi na kuondoka wakidhani wamefanya kazi. Kwa utepe huo mota na pampu zinapanda na kushuka volti pamoja, na hakuna tena sababu ya umeme kuvuka shafti. Ni kazi ya nusu siku na ya bei ndogo, na kama nilivyoielewa hali yako, ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Ianze kesho.

Angalia koplingi pia. Kama ni ya chuma kwa chuma, fikiria ile yenye raba au plastiki ngumu katikati, ambayo meno ya upande mmoja hayagusi ya upande wa pili na haina bolti inayovuka. Inaikata njia ya tatu moja kwa moja. Hakikisha kwa tesita kabla ya kufunga: shafti kwa shafti isisome kitu.

Kwenye inveta yenyewe kuna namba ya kuangalia, ile ya frikwensi ya kukata. Mafundi wengi huipandisha hadi kilohezi 8 au 12 kwa sababu mota inakuwa kimya. Ukimya huo una gharama: kila kilohezi ni maelfu ya miruko ya ziada kwa sekunde. Irudishe kwenye 3 au 4. Mota itapiga mluzi kidogo. Kwenye nyumba ya pampu haimsumbui mtu. Elewa tu kwamba hapo unapunguza idadi ya miruko, si ukubwa wa kila mmoja.

Tukifika hapo ndipo tunazungumzia vifaa vya kununua. Pete ya nyuzi za kaboni inayozunguka shafti na kuigusa kwa maelfu ya nyuzi laini ni kifaa kizuri sana kwa njia ya kwanza, ya cheche. Inaupa umeme wa shafti mlango rahisi wa kwenda kwenye fremu, hivyo volti hazifikii kupasua utando wa oili. Mwaka 2006 nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha chai, tuna feni za kunyaushia majani, mota za kilowati 11. Tulizibadilishia beringi mwaka mzima tukilaumu unyevu na grisi. Tulipoleta pete hizo beringi zikakaa. Lakini pale kebo zilikuwa fupi, na feni ilikuwa imefungwa juu ya shafti ya mota yenyewe, haina mahali pengine pa kupeleka umeme. Kwako ni tofauti, na hapa nakuonya: ukifunga pete kabla ya kutengeneza ethi, umeme wa njia ya tatu utaipenda pete hiyo. Utatoka kwenye fremu, utapita kwenye pete kuingia kwenye shafti bila kugusa beringi ya mota, na wote utaishia kwenye beringi za pampu. Utasema mota imepona, na baada ya miezi pampu itaanza kulia.

Siku ukiifunga pete, isafishe shafti kwa msasa laini mpaka chuma tupu, paka rangi ya fedha inayopitisha umeme ambayo watengenezaji huiuza pamoja nayo, na usitumie gundi ya kawaida kuibandika. Gundi inahami, na pete iliyohamiwa ni pambo. Maji yanayorukaruka kwenye sili ya pampu yasiifikie. Zile brashi za kaboni za zamani zenye springi zinafanya kazi pia, ila zinalika na zinataka mtu wa kuzikagua kila mara, kijijini sizipendekezi.

Beringi iliyohamiwa ina tabaka la seramiki la kama sehemu ya kumi ya milimita juu ya pete yake. SKF huziita INSOCOAT, na watengenezaji wengine wanazo za kwao. Zipo pia zenye gololi za seramiki tupu, bora zaidi na ghali zaidi. Kwa mota ya kilowati 45 iliyofungwa kwa kebo sahihi, hazihitajiki kwa kawaida. Ukitaka usalama wa ziada baadaye, weka iliyohamiwa nyuma na pete ya kaboni mbele. Usihami mbele na nyuma ukaacha hivyo: umeme wa shafti haufi, utavuka tu kwenda kwenye pampu.

Zipo pia pete za sumaku za kupitishia nyaya, zile unazozivisha kwenye fezi zote tatu kwa pamoja pale zinapotoka kwenye inveta, ethi ikibaki nje. Zinapunguza mkondo wa njia ya pili na ya tatu, na ni rahisi kufunga. Kwa cheche hazisaidii vya kutosha. Na mtu akija kukuuzia grisi inayopitisha umeme, mshukuru na uiondoe kwenye orodha. Chembe zilizomo ndani yake zinakwangua beringi.

Jambo moja la haraka, kwa sababu nimeliona likiua mota nzima nzima: mtu akija kuchomelea bomba kwa mashine ya kulehemu, kibanio cha ethi kiwe palepale anapochomelea. Akikibana kwenye kitako cha mota na kuchomelea upande wa pampu, umeme wote unaweza kupita kwenye beringi, na siku hiyohiyo zinakwisha.

Kama unaweza kuazima osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye kioo, pima volti ya shafti kabla na baada ya kazi hizi. Iwe na uwezo wa kusoma hadi megahezi 100 angalau, na ncha yake iguse shafti inayozunguka kwa brashi ya nyuzi za kaboni. Waya mkavu unarukaruka na kukudanganya. Volti zinazopanda taratibu kisha kuanguka ghafla kama jiwe ni cheche zinazopasua utando. Multimita haitakuonyesha haya, usipoteze muda nayo. Fanya hivyo ukiwa na mikono ya shati iliyokazwa na mwenzako kando ya swichi. Na kabla ya kufungua kifuniko cha inveta kwa kazi yoyote, zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, subiri dakika 5 au zaidi kama kibandiko kinavyosema, kisha pima mwenyewe kama zile volti 565 zimekwisha. Kapasita zake zinaua mtu umeme ukiwa umezimwa. Ukitaka kupima insulesheni ya mota kwa mega, kile kipimio cha volti kubwa, toa kwanza nyaya za inveta, la sivyo utaichoma inveta.

Beringi iliyokwishapata mistari haiponi hata umeme ukikoma, kwa hiyo ukimaliza utepe na kebo, funga beringi mpya mota nzima, na za pampu kama zimeguswa. Bandika tarehe kwenye fremu. Wiki ya kwanza weka bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni, usikilize na kukariri sauti yake ikiwa nzima. Kisha rudia kila mwezi kwa kasi ileile. Mwezi wa tano ukipita bila ule mlio mwembamba, umeshapita mahali beringi zako za mwisho zilipoanza kuugua. Ukiusikia tena, usingoje ingurume. Kata beringi, piga picha ya pete ya nje pamoja na picha ya glandi zote mbili na ya utepe wa shaba, unitumie.